Namba Niliyopiga Usiku Ule

Mimi ndiye niliyepiga simu. Ninaanza na hilo kwa sababu watu wengi wa bloku yetu bado wanafikiri ni yule jirani mwenye duka, na yeye amenyamaza tu, hajanitaja. Mwaka mzima nimekaa na jambo hili moyoni. Sasa naliandika.

Ninafanya kazi na vijana hapa Kakuma. Si kazi kubwa, ni kazi ya insentivu, ile ya posho kidogo ya mwezi. Nilimaliza kidato cha nne hapa hapa kambini. Asubuhi ninasaidia kwenye kituo cha vijana, jioni tunacheza mpira kwenye uwanja ulio kando ya laga. Kipa wetu alikuwa kijana wa miaka 22, mtoto wa jirani yetu. Jina lake sitaliandika. Nitamwita Kipa tu, maana hata mama yake alishazoea kusikia tukimwita hivyo.

Kipa alikuwa mtu wa utani. Akifungwa goli analaumu upepo wa Turkana, akiokoa mpira anaomba tumnunulie soda. Halafu akabadilika. Ilianza na usingizi. Alikuwa halali. Saa nane za usiku unamsikia anatembea uani, anazungumza peke yake kwa sauti ya chini. Baadaye akaacha kunywa maji ya bomba la bloku, akasema kuna watu wametia kitu. Akaja kuniambia kwamba redio ya jirani inataja jina lake. Mimi nilicheka, nikafikiri ni utani wake ule ule. Haukuwa utani.

Mama yake alifanya kile ambacho mama zetu wengi wanafanya. Alimpeleka kwenye chumba cha maombi. Walifunga siku tatu, wakamwekea mikono, wakamwambia mama kwamba kuna mtu wa ukoo aliyemroga kutoka nyumbani Kongo. Mimi sisemi vibaya juu ya maombi, na mimi ni mtu wa kanisa. Lakini baada ya siku tatu bila kula Kipa alizidi kuwa mbaya, na sasa alikuwa na jambo jipya la kuogopa, yaani mjomba wake.

Aliyetusaidia ni mama mwenyewe. Yeye ni mtu wa Walungu, Kivu Kusini. Alikumbuka kwamba zamani kaka yake mkubwa aliwahi kupatwa na hali kama hii, wakampeleka Bukavu, kwenye hospitali ya SOSAME inayoendeshwa na watawa wa kiume wa Kikatoliki. Alikaa kule, akapewa dawa, akarudi nyumbani na kulima shamba lake kama zamani. Mama akaniambia, "Mwanangu, hii kitu niliisha kuiona. Ina dawa. Tumupeleke hospitali."

Tukampeleka. Muuguzi alizungumza naye muda mrefu, akatueleza kwa upole kwamba huu ni ugonjwa wa akili, kwamba mara nyingi unaanza katika umri wa ujana, na kwamba sauti anazosikia Kipa, kwake yeye ni sauti kweli kweli. Hajifanyi. Alipewa vidonge. Baada ya wiki chache alianza kulala. Baada ya miezi miwili alirudi golini.

Sasa hapa nataka wale wanaosema "wagonjwa hawa hawataki dawa" wanisikilize kidogo. Vile vidonge vilimtuliza Kipa, lakini pia vilimfanya awe mgumu kama mbao. Mikono ilimtetemeka, mate yakawa yanamtoka. Kipa wa mpira ambaye mikono inatetemeka! Vijana wakamcheka. Dawa ya kupunguza kutetemeka ipo, lakini siku aliyokwenda kuiomba hakuipata. Mwezi uliofuata akaenda kuchukua vidonge vyake vya kawaida, akaambiwa vimeisha, arudi wiki ijayo. Akarudi, bado. Mara ya tatu hakwenda tena. Akasema yeye amepona.

Usiku wenyewe ulikuja kama wiki tano baadaye. Ilikuwa saa saba usiku. Kipa alisikia watu wanapanga kumuua ndani ya nyumba ya jirani. Hakukuwa na mtu anayepanga kitu, walikuwa wamelala na watoto wao. Akaanza kurusha mawe juu ya mabati. Unajua mawe juu ya mabati usiku yanavyolia. Watoto wakapiga kelele, wanaume wakatoka na fimbo. Mtu mmoja akapiga yowe la "mwizi". Hapa kambini sote tunajua neno hilo likisemwa usiku kinachofuata ni nini.

Nilisimama kati yao na yeye. Nilikuwa nimeshika simu. Nikapiga ile ya hospitali, haikupokelewa. Nikampigia kaunsela ninayemfahamu, simu imezimwa, na sikumlaumu, maana alikuwa amelala kama mtu yeyote. Ofisi zote zinafungwa jioni, na wafanyakazi wanarudi kwenye makazi yao. Nikabaki na namba moja tu ambayo nilijua itapokelewa saa ile. Nikaipiga. Walinzi wa amani wa jamii walifika kwanza, halafu likaja gari la polisi.

Nataka kuwa mkweli: wale askari hawakuwa watu wabaya. Walimtoa Kipa mikononi mwa watu wenye fimbo, na huenda waliokoa maisha yake. Mmoja alimwambia mama, "Pole, mama." Lakini walikuja na pingu, hawakuja na sindano. Walikuwa na selo, hawakuwa na kitanda. Mtu anakusaidia kwa kile alicho nacho. Kituo chenyewe sitakitaja, kwa sababu jambo hili si la kituo kimoja.

Mama alisimama kando ya gari na kanga yake, anarudia maneno yale yale: "Mutoto wangu haiko mwizi. Iko mugonjwa. Mutoto wangu iko mugonjwa." Wakamjibu kwamba atayasema hayo mahakamani.

Mahakamani akasomewa mashtaka ya kuharibu mali na kuleta fujo. Akaulizwa: ni kweli au si kweli? Kipa akajibu, "Ni kweli. Hata sasa wanaongea." Watu wachache wakacheka. Hakimu hakucheka. Alimtazama, akauliza kama kijana huyu ana ndugu hapa, mama akasimama. Hakimu akaamuru daktari ampime akili kwanza kabla ya kesi kuendelea. Tukashukuru Mungu. Tulifikiri anakwenda hospitali.

Hakwenda hospitali. Daktari wa kupima alikuwa mbali na ana foleni ndefu, na mpaka ripoti ipatikane mtuhumiwa anakaa rumande. Ili atoke kwa dhamana alihitajika mdhamini mwenye hati ya shamba au kitabu cha gari, au pesa taslimu ambazo mama hajawahi kuzishika. Mkimbizi ana kadi ya chakula. Kadi ya chakula haimtoi mtu rumande.

Kipa alikaa huko wiki saba.

Mama kwenda kumwona alihitaji kibali cha kutoka kambini. Akaomba, akaambiwa asubiri. Alipokipata, nauli ikawa imeliwa na chakula. Alimwona mara mbili tu katika wiki zile saba. Mara ya kwanza alibeba vidonge, maana hospitali wakati huo ilikuwa imepata, lakini mlangoni wakamwambia dawa kutoka nje haziingii bila barua ya daktari. Akarudi navyo kwenye kanga. Mara ya pili Kipa hakumtambua vizuri. Alikuwa na kovu jipya juu ya nyusi. Waliolala naye walimpiga kwa sababu alikuwa anapiga kelele usiku. Hebu fikiria: mtu anayesikia sauti za watu wanaotaka kumdhuru, unamfungia chumba kimoja na watu wengi anaowasikia usiku kucha, na baadhi yao kweli wanamdhuru.

Ripoti ilipofika ilisema kile ambacho mama alikisema siku ya kwanza kando ya gari. Iko mugonjwa. Kipa akaachiliwa arudi kwenye matibabu. Wiki saba, askari, karani, hakimu, daktari, gari, petroli, chakula cha rumande, vyote hivyo kwa mtu aliyekosa vidonge vya mwezi mmoja. Mimi si mtu wa mahesabu sana, lakini hesabu hii hata mtoto wa darasa la nne ataiona.

Baada ya hapo nilianza kuuliza maswali na kusoma. Nilidhani sheria ndiyo inayosema mgonjwa afungwe. Kumbe sivyo. Kenya ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989, iliyorekebishwa mwaka 2022. Sheria hiyo inampa polisi uwezo wa kumchukua mtu mwenye ugonjwa wa akili aliye hatarini au anayehatarisha wengine, lakini inamtaka ampeleke mahali pa matibabu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kupata huduma bora ya afya. Imeandikwa "kila mtu", haikuandikwa "kila raia". Kwa hiyo karatasi iko sawa. Kinachokosekana ni kati ya karatasi na uani kwetu saa saba usiku.

Na mambo yanaweza kubadilika, hilo pia nimelisoma. Kwa miaka mingi, mtu aliyejaribu kujiua Kenya alikuwa anashtakiwa chini ya kifungu cha 226 cha sheria za jinai, na angeweza kufungwa hadi miaka 2. Yaani mtu ametoka kwenye mlango wa kifo, tunampokea na pingu. Januari 2025 Mahakama Kuu mjini Nairobi ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Ninaliandika hili wazi kwa sababu hapa kambini kuna familia zinaficha mtoto aliyejaribu hivyo na hazimpeleki hospitali, kwa kuogopa polisi. Msifiche. Mpelekeni.

Wengine wataniambia, "Subiri tupate nafasi ya kwenda Marekani, kule kuna kila kitu." Mimi pia nilifikiri hivyo, mpaka binamu yangu aliyepelekwa Chicago akaniambia nisome habari za jela ya mji wake. Jela ya Cook County imekuwa ikitajwa kwa miaka kama moja ya sehemu zinazohudumia wagonjwa wengi zaidi wa akili nchini mwao. Ni jela, si hospitali. Mwaka 2015 hata mkuu wa jela aliyewekwa pale alikuwa mwanasaikolojia. Ilifikaje huko? Mwaka 1955 hospitali za akili za serikali Marekani zilikuwa na wagonjwa zaidi ya 500,000, na nyingi zilikuwa mahali pabaya pa kumtupa mtu. Zikaanza kupunguzwa na kufungwa, na mwaka 1963 Rais Kennedy alitia sahihi sheria ya kujenga vituo vya matibabu karibu na wananchi. Hospitali zilifungwa kweli. Vituo vingi vilivyoahidiwa havikujengwa. Wagonjwa wakabaki barabarani, na anayeokota watu barabarani ni polisi.

Nilipomaliza kusoma hayo nilimkumbuka Kipa. Marekani yenye pesa zote na Kakuma yenye vumbi zimefika mahali pamoja kwa njia moja: mlango wa matibabu ukifungwa, mlango wa jela haufungwi kamwe. Uko wazi saa 24, na simu yake inapokelewa.

Ndugu zangu wa kambini, wagonjwa hawa si wachache kati yetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba katika watu watano walioishi penye vita, mmoja ana tatizo la afya ya akili, kuanzia huzuni kubwa na wasiwasi mpaka magonjwa mazito kama ya Kipa. Hesabu nyumba za bloku yako. Na wengi wa watu hawa hawamdhuru mtu. Mara nyingi wao ndio wanaopigwa, wanaoibiwa, wanaochekwa na watoto.

Kwa hiyo naomba mambo machache, na ninayaomba kwa majina yake ili mtu asiseme hakuelewa.

Kwenu ndugu zangu: mtu akianza kukosa usingizi siku nyingi, akiacha kula na watu, akiogopa vitu ambavyo wengine hawavioni, mpelekeni hospitali mapema. Ombeni, lakini asikoseshwe chakula wala asikoseshwe dawa. Msimfunge kamba. Msiseme "mwizi" juu ya mtu mnayejua ni mgonjwa. Neno hilo linaua. Na akiwa amechafukwa, asizungukwe na watu ishirini. Mmoja anayempenda akae naye, azungumze polepole, wengine waondoke na fimbo zao.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika: tupeni namba moja ya muuguzi inayopokelewa usiku. Moja tu. Dawa za akili zihesabiwe kama dawa za kisukari na za presha, zisiishe bila mtu kushtuka. Mgonjwa akikosa kuja kuchukua dawa mara moja, mtu wa jamii atumwe nyumbani kumuuliza kwa nini. Huenda ni zile zinazomtetemesha mikono. Kila mgonjwa apewe kadi yenye muhuri inayosema anatibiwa wapi, ili akikamatwa askari aone na amrudishe huko. Na akishaingia rumande, asisahauliwe huko. Barua ya daktari kwa ajili ya dawa ni karatasi moja. Kibali cha mama yake kisingoje.

Kwenu askari: mnaitwa kwa sababu hakuna mwingine wa kuitwa, hilo ninalijua vizuri. Mkimkuta mama anasema mwanawe ni mgonjwa, msikilizeni pale pale kando ya gari. Hospitali ipitiwe kwanza.

Sisi vijana tumeanza na kidogo tulichoweza. Tumeandika daftari. Kila kijana wa kikundi chetu anayetumia dawa, akikubali mwenyewe, tunaandika siku yake ya kuchukua dawa, mtu anayemwamini, na kile kinachomtuliza. Kwa Kipa tumeandika: mama yake, maji ya kwenye chupa iliyofungwa, redio izimwe. Muuguzi mmoja alikubali kutupa namba yake mwenyewe. Si mpango wa ofisi, ni huruma yake tu, na siku akihamishwa tutabaki bila. Lakini mwezi wa nne Kipa alipoanza tena kutembea uani usiku, tuliipiga, ikapokelewa. Asubuhi alikuwa hospitali. Hakuna jiwe lililorushwa, hakuna gari lililokuja. Siku hizi anachomwa sindano mara moja kwa mwezi badala ya vidonge vya kila siku, na amepata ile dawa ya kutetemeka.

Kumwambia ukweli ilinichukua muda mrefu. Nilimwambia jioni moja tukikusanya mipira. Nikasema, "Kaka, usiku ule, mimi ndiye niliyewaita." Nilitegemea anitukane au aondoke.

Akasema, "Nilijua. Niliona simu yako inawaka."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mwaka wote huo.

"Ulikuwa umesimama mbele ya watu wa fimbo," akasema. "Sasa ungempigia nani?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nimeandika haya, ili yule mwenye uwezo wa kuleta jibu asome.